Mti Unaopenda Maji

Ambindwile alikuwa na ugonjwa mmoja ambao watu wa Ibungwe walimsamehe kwa sababu haukuwa wa kuambukiza: alijivunia Kiswahili chake. Wengine hujivunia ng'ombe, wengine shamba la chai, wengine mtoto aliyeko Dar es Salaam. Yeye alijivunia herufi zedi. Wazee wenzake waliposema "masingila" aliwasubiri kwa heshima zote wamalize walilokuwa wakilisema, kisha akawaambia taratibu, "Mazingira, ndugu yangu. Ma-zi-ngi-ra." Walimcheka, naye hakujali hata kidogo.

Kiswahili hicho alikipata Tanga. Alikwenda huko akiwa kijana wa miaka ishirini kukata mkonge, akaishia kuwa msaidizi wa fundi bomba mmoja wa Kidigo, mzee asiyevumilia bomba linalovuja wala sentensi iliyopinda. Alikaa huko miaka kumi na mitatu. Aliporudi nyumbani alikuwa na spana moja kubwa, mke aitwaye Esnath aliyemkuta palepale Ibungwe akimsubiri kwa uvumilivu ambao mimi binafsi sijauelewa mpaka leo, na lugha.

Ibungwe imekaa kwenye mteremko wa mlima Rungwe. Ukishuka kwenye gari pale Kiwira unapanda kwa miguu saa nzima na ushee, ukipishana na migomba, chai, migomba tena, mpaka jasho likupofue. Mvua huko hainyeshi tu, inakaa. Inafika mwezi wa kumi na moja kama mgeni na mwezi wa tano bado imo ndani inakula. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Rungwe kwamba maji yanaweza kuisha, anakutazama kama umemwambia ndizi zitaisha. Anakuuliza kama umekula. Hili mlikumbuke, maana ndilo lililokuja kuwaponza.

Mwaka wa 1977 serikali ilijenga mradi wa maji ya mserereko, yale yanayoteremka yenyewe kwenye bomba bila mashine. Chanzo chake kilikuwa chemchemi ya Kalombe, juu ya kijiji. Wakatafutwa watu wanaojua bomba, na aliyejua bomba alikuwa mmoja. Ambindwile akaajiriwa kuwa mtunza mradi. Kazi yake ilikuwa kupanda Kalombe kila asubuhi, kusafisha banio ambalo maji yaliingilia, kuondoa majani, na kufuata bomba mpaka chini akitafuta panapovuja.

Kalombe ilikuwa ndani ya kijisitu cheusi cha mikuyu na mizambarau-pori, miti mikubwa ambayo watu wanne wasingeweza kuikumbatia. Ilisemekana malafyale mmoja, yaani chifu wa zamani, amelala humo. Hakuna aliyekata humo hata fimbo ya kuchungia ndama. Mwanamke hakuchota kwa chungu chenye masizi, na mtu aliyegombana na jirani yake hakwenda kuchota mpaka wapatane. Wachungaji walisema huo ni upagani. Viongozi walisema ni mila potofu. Wote hao walikunywa maji ya Kalombe na kuyasifu kwamba ni baridi.

Ambindwile hakuwa mtu wa matambiko. Alikuwa Mmoraviani wa kukaa benchi la mbele. Lakini aliipenda ile chemchemi kwa namna ambayo Esnath aliionea wivu waziwazi. "Ukifa tutakuzika kulekule," alimwambia. "Mimi nizikwe huku kwenye migomba, nipumzike." Hakuwa na chombo cha kupimia maji, maana kile cha serikali kiliharibika mwaka wa pili na hakikuletwa kingine. Akabuni chake. Alitega debe chini ya bomba la ziada, akaanza kuimba wimbo wa ibada kwa mwendo uleule wa kanisani, na kuangalia debe limejaa akiwa amefika wapi. Miaka hiyo ya mwanzo lilijaa kabla hajamaliza mstari wa pili. Mara nyingi alilazimika kuharakisha mkono kuliondoa huku bado mdomo uko wazi.

Kisha zikaja zama za ruksa. Biashara ikafunguliwa, malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mpaka Kiwira kutafuta viazi na ndizi za kupeleka Dar es Salaam, na kila mwenye jembe akatazama huku na huku kuona ni wapi pana udongo uliopumzika. Udongo uliopumzika kuliko wote ulikuwa Kalombe. Alianza mmoja pembeni, kwa kukwangua kidogo. Malafyale hakuamka. Msimu uliofuata wakaingia sita, na mwaka wa 1989 kile kijisitu kilikuwa kimebaki mikuyu mitatu juu ya banio lenyewe, na pande zote ni matuta ya viazi. Mvua ya kwanza ilipopiga, mabomba ya kijiji yakatoa maji ya rangi ya chai iliyotiwa maziwa.

Ambindwile akavaa koti akaenda Tukuyu mjini. Ofisi ya maji wakamwambia kazi yao ni bomba na banio. Miti waulizwe watu wa misitu. Watu wa misitu wakafungua ramani, wakasema msitu wao ni ule uliopakwa kijani, na Kalombe haijapakwa. Ofisi ya kilimo walifurahi sana kusikia viazi vinastawi, wakamwuliza ni mbegu gani. Alikwenda mara tano. Mabwana wale wote walikuwa watu wazuri, walimpa kiti, na milango yao ilikuwa inatazamana kwenye korido moja. Lakini kila mmoja alishika kipande chake, na Kalombe ilikuwa haimo kwenye kipande cha yeyote. Alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko mtu aliyebeba mzigo.

Mara ya tano ndiyo iliyozaa matunda, kama tunaweza kuyaita hivyo. Mwaka wa 1990 alikuja Bwana Miti mpya, Mpare, kijana mwenye pikipiki na moyo wa kazi. Akaitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa. Watu walijaa. Wazee wengi na akina mama wengi hawakukielewa vizuri Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo palihitajika mkalimani, na hakuna aliyeuliza nani.

Bwana Miti alisema vizuri, tumpe haki yake. Alisema chemchemi iliyo uchi inakufa. Alisema viazi viondoke, udongo ufunikwe. Ambindwile aliyageuza yote kwa Kinyakyusa, sauti imemkaa sawasawa, mkono mmoja mfukoni. Kisha Bwana Miti akasema, "Ndugu wananchi, kuzunguka chanzo tupande miti rafiki wa maji."

Hapo Ambindwile akasita kidogo. Rafiki. Kinyakyusa kina neno nkamu, lakini neno hilo limebeba undugu ndani yake. Unamwita nkamu mtu ambaye mngeweza kuzikana. Mti kuwa nkamu wa maji? Wazee wangecheka, na yeye hakupenda kuchekwa mbele ya mgeni. Akatafuta neno jingine haraka, akalipata, na likamfurahisha kwa jinsi lilivyokuwa laini. "Gukugana amisi," akasema. Tupande mti unaopenda maji.

Minong'ono ikapita uwanjani. Bwana Miti, ambaye katika Kinyakyusa alijua salamu tu, akatikisa kichwa kukubali. Akaahidi kuleta miche mwenyewe, wiki ijayo. Wiki ijayo petroli hakuna, mwezi ujao pikipiki mbovu, na baada ya hapo akahamishiwa Songea. Wenzangu mnaojua miti mmeshashika vichwa.

Mti unaopenda maji, huko kwetu, ni mmoja. Ni mlingoti, ule ambao vitabu huuita mkaratusi. Upande karibu na maji, unakwenda juu mpaka shingo inakuuma kuutazama. Na miche yake haikuwa na shida: shamba la chai la chini yetu lilihitaji kuni za kukaushia majani kiwandani, likawa linagawa miche ya milingoti bure kwa yeyote atakayeahidi kuwauzia kuni baadaye. Ambindwile mwenyewe ndiye aliyekwenda kuomba. Aliomba kwa Kiswahili safi mpaka meneja akampa na gari la kuibebea.

Siku ya kupanda ilikuwa sikukuu. Viazi vikang'olewa bila ugomvi, jambo lililomshangaza. Kila mwenye tuta akapanda palepale lilipokuwa tuta lake, mpaka ile mikuyu mitatu ikazungukwa kama wazee waliozungukwa na watoto wa shule. Ambindwile alipita akishindilia udongo kwenye mashina kwa kisigino. Alikuwa ameiokoa Kalombe, na ameiokoa kwa ulimi. Jioni ile alimwambia Esnath maneno ambayo hakuwahi kuyasema kabla: kwamba sasa anaweza kufa.

Hakufa. Mwaka wa 1993 alipata barua ya kupunguzwa kazi, yeye na watunza mradi wote wa tarafa nzima. Unga ukamwagika. Barua ilisema kuanzia sasa miradi itamilikiwa na wananchi wenyewe, ikamshukuru kwa utumishi wake, ikakosea jina lake. Aliisahihisha kwa kalamu kabla ya kuihifadhi. Kesho yake asubuhi akapanda Kalombe kama kawaida, maana majani hayakupata barua.

Milingoti ilistawi. Lo, ilistawi! Mwaka wa nne ilishaipita mikuyu. Upepo ukivuma ilikuwa na mlio mzuri, na harufu yake ilifungua pua. Chini yake hakukuota kitu. Nyasi zilikauka, vyura waliokuwa wanampigia kelele kila asubuhi wakanyamaza mmoja mmoja, naye akadhani wamehama kwa sababu ya kivuli. Debe likaanza kujaa mwishoni mwa ubeti wa kwanza. Alidhani anaimba haraka, uzee una haraka zake. Mwaka wa 1997 likajaa kwenye ubeti wa tatu. Alifumua bomba lote kutafuta linapovuja, akaliunga upya kwa mikono yake bila malipo ya mtu yeyote. Hapakuwa panapovuja. Mwaka wa 2002 alimaliza wimbo mzima, akaanza mwingine.

Esnath sasa alikuwa anashuka bondeni kuchota kijitoni, kwenda chini nusu saa na kupanda saa nzima, na kiuno chake hakikuwa cha kufanyiwa hivyo. Mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Alipanda mteremko na ndoo kichwani huku maji ya mbinguni yanamlowanisha mgongo, na bombani hakuna kitu. Siku moja aliketi kwenye kizingiti akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Baba Joel," alisema, "nimelowa, na sina maji ya kupikia." Ambindwile hakucheka. Aliingia ndani akalala kifudifudi mchana kweupe.

Wenye milingoti hawakuwa na huzuni hiyo. Mabati mapya yalikuwa yanang'aa kila upande wa kijiji. Kiwanda kilichukua kuni, mafundi wa Msasani, pale Tukuyu, walichukua mbao, na mti ukishakatwa haukudai kupandwa tena: kisiki kilitoa machipukizi manne, na baada ya miaka michache ulikuwa na miti minne mahali pa mmoja. Watu wakasomesha watoto kwa milingoti. Siwalaumu, na ninawalaumu.

Mwaka wa 2005 ndipo alipofika Tupokigwe. Alikuwa binti, mtaalamu kutoka kwa watu wa bonde, ofisi iliyokuja na fikra mpya kwamba maji yasitunzwe kwa wilaya wala kwa bomba, bali kuanzia mlimani yanakotoka mpaka ziwani yanakoishia. Jina lake lilikuwa la kwetu kabisa, lakini alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, na Kinyakyusa chake kiliishia kwenye "ndaga" ya kushukuru. Alivaa buti za mpira. Ambindwile alimpenda kuanzia hapo, kwa kuwa wote waliotangulia walikuja na viatu vya ofisini.

Walipanda wawili mpaka Kalombe. Njiani alimwamkia kila mzee, akauliza maswali mengi kuhusu vyura, nyasi na ile miti ya zamani. Ambindwile alimweleza kijisitu cheusi, malafyale, chungu cha masizi, watu waliogombana. Yule binti akasimama.

"Mzee wangu," alisema, "unajua hicho ndicho tunachofundishwa chuoni kwa miaka minne? Wenyewe wanakiita mfumo ikolojia. Kwamba maji hayaanzi kwenye banio. Yanaanza kwenye mti, na jani lililooza, na udongo, na huyo chura, na hao watu waliopatana. Ukigusa kimoja umegusa vyote. Wazee walikuwa nacho bila jina."

"Sasa tuna jina," alisema Ambindwile.

"Sasa tuna jina," Tupokigwe akakubali, na hakutabasamu.

Kwenye banio alipiga magoti akatia mkono. Maji yalimfika kwenye vifundo vya vidole. Akainua macho, akaitazama milingoti pande zote, mashina yake meupe yamejipanga safi, na Ambindwile akaona uso wake unabadilika.

"Nani aliwashauri kupanda hii hapa?"

"Serikali," alisema Ambindwile, akishangaa swali lenyewe. "Bwana Miti. Mwaka wa tisini."

"Haiwezekani. Mwaka wa tisini tayari walikuwa wanakataza mlingoti kwenye chanzo. Huu unanyonya usiku na mchana, mzee, mizizi yake imeshuka mpaka chini kwenye mshipa wenyewe. Walikuwa wanasema mpande miti rafiki wa maji. Mikuyu. Mizambarau. Ileile mliyokuwa nayo."

"Miti rafiki wa maji," alisema Ambindwile.

"Ndiyo. Inayoyatunza."

Alisikia neno lile likiingia kwa mara ya pili maishani mwake, na safari hii liliingia likakaa mahali pake. Anayependa nyama si rafiki wa ng'ombe. Jambo dogo hivyo, ambalo mtoto angeliona. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa banio alioujenga mwenyewe, na Tupokigwe akamwuliza kama anajisikia vibaya. Akasema ni mwinuko tu. Hajawahi kuona haya namna ile, hata siku alipokosea mahesabu ya mabomba mbele ya yule mzee wa Tanga akapigwa kofi.

Alimweleza Esnath jikoni, mama yule akimenya ndizi. Alimweleza yote, kwamba si Bwana Miti, si serikali, si viazi. Ni yeye, kwa neno moja alilolichagua kwa sababu lilikuwa laini. Ndoo za maji alizopanda nazo Esnath miaka yote hii, aliyemtwisha ni yeye. Esnath aliacha kisu. Alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka kama alishafunga mlango.

"Usiwaambie," alisema mwishowe. "Baba Joel, nakuomba. Una nini kingine zaidi ya ulimi wako?"

"Ndiyo maana," alisema Ambindwile.

Maana alikuwa ameshapiga hesabu yake, na ndani ya aibu ile kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Kwa miaka kumi alikuwa hajui Kalombe inakufa kwa nini, sasa anajua. Ikiwa ulimi wake ndio uliovunja, ulimi huohuo utatengeneza. Tupokigwe alikuwa ameitisha mkutano: sheria mpya ilitaka mita sitini kuzunguka chanzo zisiwe na shughuli, na ofisi yake ilitaka kijiji kikubali chenyewe, bila polisi, kung'oa milingoti pamoja na visiki vyake na kurudisha miti ya asili. Watu wakijua walidanganywa na neno, watakubali. Mtu akionyeshwa alipokosea njia, anageuka. Alifanya mazoezi ya hotuba yake siku tatu, kwa lugha zote mbili.

Mkutano ulifanyika uwanja uleule wa kanisa, saa nne asubuhi, ukungu umeshaondoka. Tupokigwe alizungumza, Ambindwile akafasiri. Alipofika kwenye mfumo ikolojia hakujivuna. Alimwomba binti arudie, akafikiri, akawaambia wazee kwamba ni kama ukoo, ambao mmoja akiugua hamlali wote. Wakaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye miti rafiki wa maji, akamgeukia yule binti akaomba ruhusa ya kusema yake.

Akasema. Alisema kwa Kinyakyusa, kofia mkononi, kwamba mwaka wa tisini alisimama mahali hapa akawapa neno ambalo mgeni hakulisema. Mgeni alisema mti unaotunza maji, yeye akawaambia mti unaopenda maji, na kwa neno hilo wakapanda kifo cha Kalombe, wakidhani ni dawa. Akasema alifanya hivyo kwa sababu aliogopa kuchekwa. Akasema kosa si lao hata kidogo, ni lake peke yake, na anawaomba wamsamehe, na wamsaidie kuling'oa.

Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, kwa matusi, hata kwa mawe. Kisha bibi Anyosisye akanyanyuka. Alikuwa mwanamke mkongwe kuliko wote pale, mwenye safu mbili za milingoti upande wa juu wa banio, na hakuwa na ubaya wowote usoni mwake. Ilikuwa huruma, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko vyote.

"Ambindwile, mwanangu," alisema. "Umekaa na jambo hilo likikuuma? Pole. Tungekwambia."

"Mngeniambia nini, mama?"

"Kwamba tulijua. Kinamasi cha kule misheni, Wazungu walikikausha kwa milingoti. Mimi nilibeba miche ile kichwani. Kila mtu wa rika letu anajua mti huo unakunywa nini. Wewe ulikuwa Tanga." Akageuka kuwatazama wengine, nao wakatazama chini, kwa adabu tu, bila hatia. "Siku ile uliposema unaopenda maji tulitazamana. Tukasema, basi, mkalimani ametupa njia. Miche ilikuwa ya bure na kiwanda kinanunua. Na ukishapanda mti mahali, mahali ni pako. Viazi havikupi hivyo. Hata ungelisema neno lile jingine, tungelipanda hii. Usijisumbue, baba. Si wewe."

Watu wakaguna kukubali. Mmoja akasema, "Kaa, mzee, miguu itakuuma." Ambindwile alibaki amesimama. Kosa lile lilikuwa limemchoma, lakini lilikuwa lake, alikuwa amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepata mpini wa kitu. Na sasa wamelichukua, kwa upole, na mkononi hamna kitu. Hapakuwa na neno la kusahihisha. Hapakuwa na mtu aliyepotea njia. Walikuwa wamepima chemchemi na mabati kwa macho yao wazi, miaka kumi na mitano iliyopita, wakachagua, na wangechagua tena kesho.

"Mzee, bibi amesemaje?" Tupokigwe aliuliza kwa sauti ya chini, kalamu juu ya daftari. "Wamekubali?"

Ambindwile alimtazama yule binti, buti zake za mpira zina matope ya Kalombe. Angeweza kumwambia lolote. Hakuna aliyekuwepo pale ambaye angemsahihisha.

"Amesema walijua," alimwambia. "Tangu mwanzo. Wote."

Tupokigwe aliandika, kisha akakata alichoandika. Akauliza kama wapo walio tayari kuanza japo na safu moja, ile ya karibu kabisa na banio, na Ambindwile akafasiri. Wazee wakashauriana. Jibu likawa kwamba jambo ni zuri, lakini safu ile inavunwa mwakani, basi iundwe kamati ya kulitazama. Mwenyekiti wa kijiji akataja majina saba ya wanakamati, wote wenye miti. Wa nane, kwa heshima, akamtaja Ambindwile, na watu wakapiga makofi. Kisha akasema kwa kuwa muda umekwenda wapite kwenye ajenda ya pili, ambayo ilikuwa mahali pa kupaki malori ya kuni wakati wa mvua.